Mcheza Kwao: Mjadala Juu ya Kipa Robert Kidiaba

Robert Kidiaba Muteba alizaliwa tarehe 1 Februari 1976. Sehemu kubwa ya maisha yake ya mpira aliimalizia katika goli moja tu, la Tout Puissant Mazembe ya Lubumbashi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi 2015. Katika kipindi hicho Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika mara tatu, mwaka 2009, 2010 na 2015. Ilifika pia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, jambo ambalo hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imelifanya kabla yake. Hata hivyo, mtaje Kidiaba kwa mpenzi wa mpira wa Dar es Salaam, Bujumbura au Mombasa, na kitu cha kwanza atakachokumbuka ni ile namna yake ya kushangilia: anaketi chini, ananyoosha miguu mbele, anarukaruka kwa makalio kwenye nyasi.

Kwamba alikuwa kipa mzuri, Lubumbashi hakuna anayebisha. Ubishi uko kwingine. Kidiaba hakwenda Ulaya. Je, alifanya vema kubaki? Na sisi tuliobaki naye, tulifaidika vipi?

Sauti zilizo hapa nimezipanga mwenyewe. Sikuzipa majina kwa sababu si za mtu mmoja mmoja. Ni hoja zinazozunguka Lubumbashi, katika komini zake kama Kamalondo, Katuba, Ruashi na Kenya, na kila moja nimeipa mtu anayestahili kuisema.

MZEE WA KAMALONDO: Ninyi mnaanza na Kidiaba kwa kuwa ndiye mliyemwona. Mimi naanza na kipa Kazadi Mwamba. Enzi hizo klabu inaitwa Englebert, kwa jina la kampuni ya matairi. Watawa wa Kibenedikto ndio waliokuwa wameianzisha mwaka 1939, mji bado unaitwa Élisabethville. Tulichukua Kombe la Afrika 1967, tukalichukua tena 1968, tukarudi fainali 1969 na 1970. Fainali nne mfululizo, wanangu! Na Kazadi huyohuyo alikuwa katika timu ya taifa iliyotwaa Kombe la Mataifa Addis Ababa mwaka 1968, na tena Misri mwaka 1974. Kabla hamjamsifu mtoto, mtajeni baba.

KIJANA WA KATUBA: Heshima yako, mzee. Lakini mimi ninayedaka katika timu ya mtaa, nikimtafuta Kazadi ninakuta mechi moja tu. Zaire na Yugoslavia.

MZEE: Nilijua utaileta. Sawa, tuiseme yote. Kombe la Dunia, Gelsenkirchen, Ujerumani, tarehe 18 Juni 1974. Kabla ya dakika ya 20 tulikuwa tumefungwa matatu. Kocha wetu, Blagoje Vidinić, naye ni Myugoslavia na zamani alikuwa kipa, akamtoa Kazadi akamwingiza Tubilandu wa Vita Club. Yakaingia mengine sita. Tisa bila. Wachezaji walikuwa na kinyongo juu ya posho zao, kila mtu alijua. Siku nne baadaye Kazadi anarudishwa golini kucheza na Brazil, waliokuwa mabingwa wa dunia, na anafungwa matatu. Nani anakumbuka kwamba alirudi? Mtu ana makombe mawili ya klabu na mawili ya taifa, dunia inamkumbuka kwa dakika 20.

Hapa lazima niingilie, kwa sababu mzee amegusa kiini cha kazi ya kipa. Mshambuliaji akikosa mabao matano na kufunga la sita, jioni anabebwa mabegani. Kipa akiokoa matano na kufungwa la sita, kesho yake sokoni watu wanalizungumza hilo la sita. Kumbukumbu ya watu juu yake ni ya kikatili, inachagua picha moja na kuitundika. Kazadi alitundikiwa Gelsenkirchen. Kidiaba ametundikiwa makalio. Bahati yake ni kwamba picha yake ni ya furaha.

MWALIMU WA RUASHI: Mimi siiti furaha. Mtu mzima, kipa wa taifa, anakaa chini anarukaruka mbele ya kamera za dunia nzima. Wageni wakicheka, mnafikiri wanacheka pamoja nasi? Watoto wangu darasani wanaijua ngoma ile, lakini hakuna anayeweza kuniambia Kidiaba aliokoa mpira gani. Heshima ya kazi imemezwa na kichekesho.

MAMA WA SOKO LA KENYA: Mwalimu, niruhusu. Mimi si mtaalamu wa mpira, lakini nina macho. Goli likifungwa kule mbele, wachezaji kumi wanakimbiliana, wanakumbatiana, wanapandana migongoni. Kipa yuko wapi? Yuko upande wa pili wa uwanja, peke yake. Hana wa kumkumbatia. Akikimbia hadi kule, mpira utaanza na goli liko wazi. Basi yule mtu alijitafutia furaha yake palepale alipo, na waliokaa nyuma ya goli lake wakaipata pamoja naye. Mimi sikuona kichekesho. Niliona mtu anayekataa kuachwa nje ya sherehe.

Ninakiri kwamba sijawahi kusikia ngoma ile ikielezwa vizuri kuliko hivyo. Na kwa kuwa mwalimu ameuliza Kidiaba aliokoa nini, twende Abu Dhabi, kwenye Kombe la Dunia la Klabu.

Desemba 2010 Mazembe ilifika huko ikiwa na kovu. Nahodha wake, Trésor Mputu, aliyekuwa amechaguliwa mwaka 2009 kuwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani, alikuwa amefungiwa na FIFA mwaka mzima kwa fujo dhidi ya mwamuzi katika mechi ya Kombe la Kagame mjini Kigali. Timu ya kocha Msenegali Lamine N'Diaye ilianza na Pachuca ya Meksiko tarehe 10, ikashinda 1–0 kwa bao la Bedi Mbenza. Tarehe 14 ilikutana na Internacional ya Porto Alegre, mabingwa wa Amerika Kusini. Tangu michuano ile ianze, fainali ilikuwa mali ya Ulaya na Amerika Kusini tu. Wabrazili walishambulia, wakapiga, na kila mara walimkuta Kidiaba. Dakika ya 53 Kabangu akafunga. Zikabaki zaidi ya dakika 30 za kushikilia bao hilo moja, na hizo ndizo dakika ambazo mwalimu anapaswa kuwasimulia wanafunzi wake, kwa sababu ziliwekwa hai na mikono ya mtu mmoja mwenye umri wa miaka 34. Dakika ya 85 Kaluyituka akapiga la pili. Kidiaba akaketi, akarukaruka. Kule Porto Alegre, mashabiki wa Grêmio, wapinzani wa jadi wa Internacional, waliishangilia Mazembe kana kwamba ni timu ya mtaa wao.

Fainali, tarehe 18, Inter ya Milano ilishinda 3–0. Pandev na Samuel Eto'o walifunga mapema, Biabiany akamaliza karibu na mwisho. Sina haja ya kuipamba mechi ile. Inter walikuwa bora zaidi.

Lakini mimi, kama ningeombwa kuchagua mechi moja ya Kidiaba, nisingechagua Abu Dhabi. Ningechagua Lubumbashi, Novemba 2009, fainali ya marudiano ya ubingwa wa Afrika na Heartland ya Nigeria. Mechi ya kwanza Mazembe ilikuwa imefungwa 2–1 ugenini. Nyumbani ikaongoza 1–0. Hesabu ilikuwa ya kutisha: matokeo yakibaki hivyo, kombe ni la Mazembe kwa lile bao la ugenini, Heartland wakipata bao moja tu, hata kwa bahati, kombe linaondoka. Mji ulikuwa umesubiri tangu 1968, miaka 41. Filimbi ikalia goli la Kidiaba likiwa halijaguswa. Ubingwa ule ulikuwa kazi ya kipa, na ndio uliofungua njia ya yote yaliyofuata.

KIJANA: Hayo yote nayakubali. Lakini mwandishi, unakwepa swali. Alibaki! Tazama Mbwana Samatta. Alikuja hapa mwaka 2011 na Simba ya Dar es Salaam, akatufunga, Mazembe ikamnunua. Mwaka 2015 anatwaa ubingwa wa Afrika nasi. Januari 2016 anatangazwa mchezaji bora kati ya wanaocheza barani, mwezi huohuo anaenda Genk, Ubelgiji, na baadaye Aston Villa. Kidiaba alikuwa katika kikosi hichohicho. Mmoja aliitumia Lubumbashi kama daraja, mwingine akajenga nyumba juu ya daraja.

MZEE: Umesema vizuri, lakini umelinganisha vitu visivyolingana. Samatta aliondoka akiwa na miaka 23, na ni mfungaji. Kidiaba, Mazembe ilipopanda kileleni, alikuwa na 33. Nani Ulaya anamnunua kipa wa miaka 33 kutoka Katanga?

MWALIMU: Na hata angekuwa na 20. Wahesabuni makipa wa Afrika waliopewa goli kubwa huko. Thomas N'Kono wa Kameruni alikwenda Espanyol mwaka 1982, baada ya dunia nzima kumwona katika Kombe la Dunia kule Hispania. Joseph-Antoine Bell akadakia Marseille. Kameni, Enyeama, baadaye Mendy na Onana. Vidole vya mikono miwili vinakaribia kutosha. Klabu ya Ulaya humwamini Mwafrika afunge mabao na akimbize winga; kumkabidhi mlango ni jambo jingine. Hapa nampinga kijana na kumtetea Kidiaba, ingawa ngoma yake bado siipendi.

SHABIKI WA LUPOPO: Mimi nimenyamaza muda mrefu, sasa niseme. Mnazungumza kana kwamba kubaki ni wema wa moyo. Kubaki ni mfuko. Moïse Katumbi alishika urais wa Mazembe mwaka 1997, akawa gavana wa Katanga tangu 2007 hadi 2015. Mazembe ililipa mishahara, ilisafiri kwa raha, ilijenga uwanja wake Kamalondo mwaka 2011 na kutandika nyasi za bandia. Waliwaleta Wazambia, Watanzania, Waghana. Mchezaji wa pale alikuwa na sababu ya kubaki. Saint-Éloi Lupopo nayo ilizaliwa 1939 kama Mazembe, ni timu ya watu wa reli. Mwambieni mchezaji wa Lupopo abaki nyumbani kwa mapenzi, mwone atawajibu nini. Tunasema mcheza kwao hutunzwa. Je, kila anayecheza kwao anatunzwa?

MAMA: Hapo umesema kweli, na mimi si wa timu yako.

SHABIKI WA LUPOPO: Na hata huko Mazembe, kubaki kulikuwa na gharama yake. Mwaka 2011 walikuwa wanatetea kombe. Wakaitoa Simba, Simba wakakata rufaa juu ya Besala Bokungu, kwamba hakustahili kuchezeshwa, na CAF ikaiondoa Mazembe kabisa. Kosa la karatasi. Kidiaba, mwenye miaka 35, alipoteza msimu mzima wa Afrika kwa jambo ambalo hakulishika kwa mkono wake.

Hoja ya shabiki wa Lupopo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, na sitaki ipite haraka. Tunapomsifu Kidiaba kwa uaminifu, tunaweza kuwadhulumu wengine bila kujua. Kuna makipa wa Likasi, Kolwezi na Kipushi waliobaki pia, walidaka kwenye viwanja vya vumbi jekundu bila glavu za maana, na uaminifu wao haukuandikwa popote kwa sababu klabu zao hazikuwa na fedha za kufika Abu Dhabi. Kidiaba alikuwa na kipaji, alikuwa na bidii, na alikuwa na klabu tajiri yenye uvumilivu. Ukiondoa kimojawapo, hatungekuwa na mjadala huu. Mpira wa Katanga tangu zamani umeishi karibu na fedha ya shaba na ya reli. Fedha ikija, tunapata zama za dhahabu, ikiondoka, tunarudi kusimulia.

Hata hivyo kijana naye ana deni la kulipa katika hoja yake. Anasema Kidiaba alijenga nyumba juu ya daraja. Nauliza: Samatta angevuka daraja gani kama wengine wote wangevuka kabla yake? Timu iliyompokea kijana wa Kitanzania mwaka 2011 na kumfanya bingwa mwaka 2015 ilikuwa na uti wa mgongo wa watu waliobaki. Kidiaba alikuwa sehemu ya uti huo. Mchezaji mgeni anajifunza klabu kutoka kwa waliomtangulia chumba cha kubadilishia nguo, na klabu ambayo kila mtu yuko njiani kuondoka haina wa kumfundisha mgeni.

KIJANA: Basi nijibu hili. Alikwenda wapi mrithi wake? Februari 2015 Kidiaba anacheza nusu fainali ya Kombe la Mataifa na Kodivaa, tunafungwa 3–1. Upande wa pili golini yuko Sylvain Gbohouo. Mwaka huohuo Gbohouo anakuja Mazembe! Kiti cha Kidiaba kikakaliwa na mgeni. Na timu ya taifa? Leo tunamshangilia Lionel Mpasi, mzaliwa wa Ufaransa. Mwaka 2024, kule Kodivaa, ndiye aliyepiga penalti ya mwisho iliyoitoa Misri. Nampenda. Lakini mimi wa Katuba najifunza nini? Kama kubaki ni njia, mbona njia hiyo imefungwa baada ya mtu mmoja kupita?

Kulikuwa na ukimya hapa, hata katika karatasi yangu. Hakuna sauti niliyoweza kuipa jibu la haraka.

MZEE: Mwanangu, sisi tulidhani Kazadi ataacha warithi kwa kuonekana tu. Kwamba mtoto akimwona atakuwa kama yeye. Ilichukua miaka mingapi kumpata Kidiaba?

MAMA: Lakini Kidiaba hakukaa bure alipoacha. Si aliwafundisha makipa pale Mazembe?

MWALIMU: Aliwafundisha, kisha akaingia siasa, akawa mbunge wa bunge la jimbo la Haut-Katanga. Sina neno juu ya hilo. Mwananchi ana haki ya kugombea. Ila kipa bora tuliyempata katika miaka 40 nilitamani kumwona kila asubuhi uwanjani na watoto hamsini.

SHABIKI WA LUPOPO: Yeye peke yake? Hamsini ni wachache. Na wa Lupopo je? Na wa Kampemba?

Nimsimulie msomaji siku ya mwisho ya Kidiaba katika jezi ya taifa, kwa kuwa inajibu sehemu ya swali. Ilikuwa Malabo, tarehe 7 Februari 2015, mechi ya kugombea nafasi ya tatu ya Kombe la Mataifa. Alikuwa ametimiza miaka 39 wiki iliyotangulia. Katika robo fainali Leopards, timu yetu ya taifa, walikuwa wamefungwa mawili na jirani zao wa Kongo-Brazzaville kisha wakarudisha manne. Sasa walicheza na wenyeji, Guinea ya Ikweta, dakika 90 bila bao. Penalti: Kongo 4, wenyeji 2. Medali ya shaba ya Afrika. Kidiaba akaketi kwenye nyasi za Malabo na kurukaruka kama alivyozoea, kisha akaiaga timu ya taifa. Kipa anayefika siku kama hiyo akiwa na miaka 39 amejitunza kwa nidhamu ambayo ngoma haiwezi kuificha. Amelala mapema usiku ambao wengine walikesha. Amerudi mazoezini kila baada ya jeraha. Hilo linaweza kufundishwa, na Lubumbashi ilikuwa na mtu wa kulifundisha.

Hukumu yangu ni hii. Kidiaba alifanya vema kubaki, kwa sababu kazi kubwa zaidi aliyoweza kuifanya ilikuwa hapa, na aliifanya. Mji ndio haukufanya sehemu yake kikamilifu. Ulimshangilia kuliko ulivyomtumia. Tulipaswa, wakati angali na miaka 33 na kombe mkononi, kumweka kando yake kijana mmoja wa Katuba, mmoja wa Kenya, mmoja wa Ruashi, wakae nyuma ya goli lake mazoezini na kujifunza jinsi anavyopanga ukuta, jinsi anavyosoma krosi, jinsi anavyonyamaza baada ya kufungwa. Hatukuwaweka wa kutosha. Ndiyo sababu kijana anauliza, na ana haki ya kuuliza.

Kwa hiyo ombi langu liwaendee wenye madaraka ya mpira Haut-Katanga, Mazembe na chuo cha Katumbi Football Academy, Lupopo, na ligi za vijana za kila komini. Timu nyingi za watoto wetu zina kocha mmoja anayewafundisha wote, na mtoto asiyejua kupiga chenga ndiye anayesukumwa golini. Wekeni mwalimu wa makipa katika kila timu ya watoto, hata kama atazunguka timu tatu kwa wiki. Nunueni glavu kabla ya kununua jezi za pili. Na wewe Robert Kidiaba, uliyeyajua magoli ya Kamalondo na viti vya bunge la jimbo, watoto hao wanalijua jina lako. Uende ukawafundishe.